Karatasi Mbili za Pampu

Hata leo, harufu ya petroli ikinipitia, nanusa kwanza viganja vyangu mwenyewe. Wajukuu wangu hunicheka. Waache wacheke, hawajui harufu hiyo ilinifikisha wapi.

Nilikuwa na miaka tisa, pale Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ile ya hamsini ambapo magari ya mji mzima ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Mojawapo lilikuwa la mfanyabiashara wa samaki, gari kuukuu lenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Aliyelitunza na kuliendesha ni Mjomba Ramazani, kaka yake mama. Pampu yake ya petroli ilipokufa, Mjomba alitia ya lori, maana ndiyo iliyopatikana. Ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Ilisukuma petroli mpaka kabureta, chombo kinachoilisha injini petroli na hewa, ikafurika, na injini ikazimika huku ikikohoa moshi mweusi.

Dawa yake ilikuwa karatasi. Mjomba alikata vipande vya boksi gumu, akavitoboa matundu ya skrubu, akavipanga pale pampu inapofungiwa kwenye injini. Kila kipande kiliisogeza pampu nje kidogo, nayo ikasukuma kwa upole zaidi. Mimi ndiye niliyemshikia karatasi, na nilijivuna sana kwa cheo hicho. Alijaribu moja, mbili, tatu. Zilipofika nne, injini ilitulia.

"Kabureta iko kama mutoto ya kunyonya," aliniambia. "Ukimulazimisha, anatapika."

Nilimsikia vizuri. Lakini kusikia si kuelewa.

Asubuhi moja Mjomba alikuwa ameifungua pampu ili aisafishe, mara mama akashikwa na uchungu. Alikwisha kuzika watoto wawili waliozaliwa nyumbani, na mkunga alikuwa ameonya kwamba huyu wa sasa azaliwe hospitali, kule Fizi milimani. Mjomba akairudisha pampu mbiombio.

"Niletee karatasi, zote ine," akasema.

Nilizitazama zile karatasi zilizolowa petroli, nikapiga hesabu yangu. Karatasi chache, nguvu nyingi. Nguvu nyingi, Fizi karibu. Ndani ya nyumba mama alikuwa akilia. Mbili nikazificha kifuani mwa gauni, mbili nikampa. Alifunga bila kuhesabu, maana aliniamini.

Katika tambarare gari lilikimbia, nami nikafurahi kimyakimya. Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa bibi mzaa mama. Tulipoanza kupanda mlima, kwenye kona kali, Mjomba alipunguza mwendo, na injini ikashindwa kunywa petroli yote iliyosukumiwa. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Petroli ilitiririka mpaka barabarani. Mama hakulia tena, na ukimya wake ndio ulionitia hofu kuliko kilio.

Mjomba aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua pampu, akaona karatasi mbili. Akageuka kunitazama. Nilizitoa zile nyingine, mikono yangu na kifua changu vikinuka petroli. Nilingojea kofi. Hakunipiga. Alizipanga zote, akafunga, akaacha injini ikauke. Wakati tukingoja alinishika mkono mpaka kwenye kijito kando ya barabara, akaninawisha kwa mchanga na maji, akisugua mpaka kati ya vidole. Nilishangaa. Dada yake yumo hatarini, yeye ananawisha mtoto mikono.

Bibi akatoa kichwa dirishani. "Ramazani, gari iko na nini?"

"Ni mi, mama," Mjomba akajibu. "Nilisahau karatasi."

Tulifika Fizi. Mdogo wangu alizaliwa hata kabla bibi hajapata mahali pa kukaa, na mama akapona. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini bibi alimpenda mwanawe, na hadithi aliipenda zaidi. Muda si muda Baraka nzima ilimwita Mjomba Fundi Sahau. Mfanyabiashara akampa mtu mwingine funguo za gari, na Mjomba akarudia kutengeneza baiskeli. Hata mdogo wangu, alipoanza kusema, alimwita vivyo hivyo, na Mjomba akacheka na kumpa karanga. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujipa.

Mjomba alipofariki nilikuwa mama wa watoto wanne. Baada ya mazishi nilimweleza mama yote, nikilia. Aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele.

"Nilijua," akasema. "Mikono alikunawisha, lakini nguo yako, hapa kifuani, ilikuwa inanuka esanse ya gari mpaka Fizi. Nikamuuliza, ndugu yangu, mbona unajiharibia jina? Akaniambia, wacha. Mutoto alitaka tu mama yake afike."

Ndipo nilipojua kwa nini alisugua mpaka kati ya vidole.