Mchezo Kaka Aliouacha Umesimama

Juzi nilikuwa Old Town, Lilongwe, natafuta vitambaa vya kushona, nikaingia duka moja la vitu vilivyotumika. Juu ya kabati, kati ya pasi na redio zilizokufa, nikaiona: mashine ya mchezo ya zamani, ile ya kaseti, maneti zake mbili, vile vishikio vya kuchezea, zimezungushiwa nyaya. Nikashika meza. Mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, zikomo, yaani asante. Uongo, ndugu yangu. Nilikuwa ninaumwa.

Unajua Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, ya miaka ile, katikati ya tisini: vumbi, tofali mbichi, maharage ya mgao yanayochemka tangu asubuhi na hayataki kuiva. Jirani yetu, Mrundi mmoja mpole, alikimbia Bujumbura na batri ya gari na televizyo ndogo isiyo na rangi. Alivibeba njia yote. Alipofika njo akaambiwa Malawi haina televizyo. Hakuna kituo, hakuna picha, ni ule mchele tu unaocheza kwenye kioo. Watu walimcheka mpaka naye akacheka. Batri akaiwekea redio, maana kila jioni alisikiliza habari za kwao, kama siku moja watataja kilima alikopotelea mke wake.

Kaka yangu mkubwa alibeba mizigo kwenye duka moja la jumla huku Old Town. Jumamosi moja akarudi na kisanduku kichwani. Watoto wa tajiri wake walikuwa wamepata mashine mpya, yenye rangi nyingi zaidi, hii ya zamani wakaitupa, naye akaiomba. Mama alikuwa anangoja sabuni na unga.

"Tutakula hiyo?" Mama akauliza.

Kaka akajitwika tena kisanduku. Aliipeleka kwa jirani, akaunganisha nyaya kwenye televizyo na batri, na kioo kile kilichochekwa kambi nzima kikaonyesha mtu mdogo anaruka mashimo. Jirani alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia.

Mi ninakuambia, mashine zile zilijua kukusanya watu. Hazikuuliza kituo wala lugha. Batoto ba Kirundi, batoto ba Uvira, hata Wachewa, wenyeji wa mashamba ya mahindi ya jirani, wote walielewana kwa kidole gumba. Maneti mbili, watu wawili bega kwa bega, anayekufa anampisha mwingine. Karatasi ya kaseti ilijisifu kuwa na michezo mia na mia. Ukihesabu vizuri ni ileile michache inarudi na majina mapya. Kaseti ikikataa, unaichomoa, unaipuliza, unairudisha, na kila mtu aliamini pumzi yake njo ina baraka. Siku moja walimwita mama wa kwaya aje apulize. Ikawaka. Nsima ngapi, ule ugali wa huku, ziliungua wanawake wakichungulia mlangoni.

Kasoro yake ni moja tu: haikuwa na kumbukumbu. Ukizima, unaanza upya tangu tablo ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya mchezo. Dawa pekee ilikuwa kile kidude cha katikati ya maneti cha kusimamisha.

Kaka alifika tablo ya mwisho akiwa na homa. Hakuna aliyewahi kufika pale. Meno yaligongana, na Mama akasema inatosha, gari ya kanisa inangoja kumpeleka hospitali Lilongwe. Akasimamisha mchezo. Mtu mdogo akabaki ukingoni mwa shimo.

"Musizime," akaniambia. "Ninakuja kumaliza."

Nikazima televizyo, maana ile njo ilikula batri, nikaacha mashine peke yake na taa yake nyekundu. Na hapo, sijui nani alinitia wazo hilo, nikaamini kwamba taa ikiwa hai, kaka yangu ni hai. Sikula. Nilikaa kule kwa jirani karibu na ile taa nikiogopa hata kuipumulia.

Jioni jirani akaingia na redio yake kuchukua batri. Nikalala juu ya nyaya.

"Papa, usichukue. Mchezo ukikufa, na kaka anakufa."

"Nani alikuambia vile?"

"Hakuna mutu."

Alinitazama. Kisha akakaa juu ya kidumu, redio mapajani.

"Basi, iache. Habari zitangoja."

Tangu hapo kila jioni alikuja akakaa vilevile, na redio isiyosema.

Mama alirudi kwa miguu kutoka barabarani. Wanawake wawili walimshika mikono, na mkononi mwake mlikuwa na viatu vya kaka. Nilikimbia kutazama taa. Ilikuwa inawaka, nyekundu kabisa. Niliichukia kuliko kitu chochote duniani.

Tulipomaliza kuzika, Mama akasema, "Nionyeshe fasi kaka yako alifikia."

Jirani akawasha televizyo. Mtu mdogo alikuwa palepale ukingoni, anangoja. Mama, ambaye hakuwahi kugusa maneti, akaichukua.

"Ninafinya wapi?"

Nikamwonyesha. Mtu mdogo akatembea hatua moja, akatumbukia.

"Mrudishe," Mama akasema.

"Harudi, Mama."

Alifinya, akafinya tena, mpaka jirani akamtoa maneti vidoleni polepole.

Jirani amekwisha kufa, na kilima cha mke wake sijui kama kilitajwa jioni zile alizonipa. Mama pia hayupo. Batoto bangu wanacheza kwenye simu, kila mmoja na kona yake. Wanaacha popote, kesho wanaendelea palepale, hakuna wa kukaa kuwalindia taa. Nawaonea wivu, nawaonea na huruma.

Mwenye duka akaishusha ile mashine, akaipuliza vumbi, akaichomeka umeme nione kama ni nzima. Taa nyekundu ikawaka. Wateja walikuwa wanamngoja, akanyoosha mkono kuizima.

"Ngoja kidogo," nikamwambia.