Aliyelala Kwenye Ngano

Juzi jirani yangu hapa Embu alileta gunia la mabua ya ngano awatandikie kuku wake, na alipolifungua harufu ikanifikia kabla sijajua ni ya nini: kavu, tamu kidogo, yenye vumbi. Nilisimama uani na kikombe changu cha chai mpaka chai ikapoa. Hiyo ndiyo harufu ya Timau nilikokulia, na hasa ya mwaka nilipokuwa kidato cha pili, mwaka aliotujia Mwalimu Njeru.

Alitoka Mbeere kwenye joto, na baridi ya kwetu ilimwonea bila huruma. Alivaa sweta mbili na koti juu yake, na bado alifundisha mikono ikiwa kwapani, akiitoa tu pale alipolazimika kuandika ubaoni. Tulimcheka. Kisha akasoma insha zetu za kwanza, ikawa zamu yake kutucheka.

Sisi tulidhani tunajua insha. Tangu shule ya msingi tulikuwa tumekaririshwa: lazima jua lichomoze, ndege waimbe, mtu atoke shoti kama mshale, na akilia machozi yawe bahari.

"Nani hapa amewahi kuona bahari?" Mwalimu Njeru akauliza. Hakuna mkono ulioinuka. "Na nani amewahi kulia?" Tukatazamana kwa haya. "Mbona basi mnaniandikia bahari, na kulia hamniandikii?"

Asubuhi moja akatutoa nje. Shule yetu ilipakana na shamba kubwa la ngano, tukitenganishwa na seng'enge tu. Ngano ilikuwa imetufika kifuani, inakaribia kuiva, na hapo karibu na ua, mkabala na madirisha ya darasa letu, palikuwa na mahali imelazwa. Palitosha mtu aliyejikunja.

"Kuna kitu kililala hapa," akasema. "Mimi sikijui, na nyinyi hamkijui. Leo tuko sawa."

"Ni ndovu, mwalimu," akasema Mutuma, maana kwetu kila kilichoharibika shambani ni ndovu wa msituni.

"Ndovu gani mdogo hivyo?" mtu akadakia, tukaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Hilo ni swali zuri. Mutuma, utatueleza ni kwa nini alikuwa mdogo, na mama yake alikuwa wapi."

Sijui kama wewe uliwahi kupewa ruhusa ya namna hiyo ukiwa mtoto. Nilikwenda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Mama yangu, mwanakwaya asiyetaka mchezo na uongo, aliniuliza kama karo wanalipa ndiyo tufundishwe kusema yasiyokuwako. Lakini nilipomsimulia ndovu wa Mutuma, aliacha kumenya viazi. "Na huyo mtoto alipata mama yake?" akauliza. Nikamwambia sijui, bado Mutuma anaandika. Hakupendezwa na jibu hilo hata kidogo.

Mimi swali moja lilinikalia kichwani. Shamba lile lilikuwa kubwa kupita macho. Aliyetaka kujificha alikuwa na nafasi ya kutosha kule katikati. Kwa nini alale karibu na darasa? Nilipolizungusha swali hilo, mwanamke akanijia: ameondoka kwa mumewe, amemwacha mtoto huko, na sasa amelala kwenye ngano ili asikie sauti ya binti yake akisoma. Niliandika umande ulivyomloweshea leso. Niliandika jinsi alivyokuwa akichambua sauti zetu, hii siyo, hii siyo, mpaka akaipata yake. Insha nikaimaliza hapo, amelala, anasikiliza.

Mwalimu aliisoma darasani. Alipofika kwenye zile sauti, Gakii, aliyekaa dawati la mbele yangu, akainuka akatoka nje bila kuomba ruhusa.

Gakii alikuwa akiishi na nyanya yake mzaa baba. Mama yake, alituambia, alikuwa akifanya kazi mbali. Zaidi ya hayo hatukuuliza, wala yeye hakuongeza.

Mwalimu alinishika bega mlangoni. "Umebuni au umeambiwa?"

"Nimebuni, mwalimu."

"Basi nenda umwambie yeye."

Nilimkuta nyuma ya tangi la maji. "Nani amekuambia mama yangu huja kwa seng'enge?" akaniuliza kabla sijafungua mdomo. Nikaapa hakuna aliyeniambia. Alinikazia macho muda mrefu, nami sikuwa na ushahidi ila uso wangu. Siku zilizofuata hakusema nami. Kisha, saa ya chakula cha mchana, akanivuta mkono. "Kuja. Anataka kukuona."

Upande wa pili wa seng'enge alisimama mwanamke mwembamba, amevaa gambuti na koti la kijani la wafanyakazi wa mashamba ya maua. Kumbe huko mbali alikofanya kazi palikuwa ng'ambo ya mto tu. Baadaye Gakii aliniambia kwamba tangu mama yake aondoke, upande wa baba ulikuwa umemkataza kufika nyumbani.

"Muuga, mwana wakwa," akanisalimu kwa Kimeru, na hata yaliyofuata aliyasema kwa lugha yetu. "Gakii amenisimulia kitu chako. Mimi sikulala kwenye ngano. Mimi husimama tu." Akatabasamu. "Lakini huyo wako, mbona umemwacha chini? Mashine za kuvuna zinakuja. Zitamkuta hapo."

Sikuwa nimefikiria mashine.

"Akiinuka," akaendelea, "ataenda wapi?"

"Si apitie langoni, mama?" nikajibu bila kuwaza. "Amwambie mlinzi amekuja kuona mtoto wake. Lango liko tu pale."

Aligeuka akalitazama lango, ingawa kutoka pale lilionekana nusu. Akaniuliza kama mlinzi angemruhusu. Nikasema kwenye insha yangu angemruhusu. Akacheka, akafuta pua kwa mkono wa koti, akarudi kazini.

Siku ya wazazi alikuja. Aliingia langoni na gambuti zake, akaketi katikati ya kina mama, na Gakii akabanana naye kwenye kiti kimoja kana kwamba bado ni mdogo. Nyanya alikuwepo. Aliwatazama, akasonya kwa sauti, kisha akasogeza mkoba wake ili wapate nafasi.

Kwa miaka mingi nilijisimulia kisa hiki nikijisifu kidogo: msikilizaji wangu wa kwanza nje ya darasa alikuwa amenisahihisha mwisho wa insha. Ilibidi niwe na watoto wangu, na milango yangu ya kuogopa, ndipo nikaelewa kwamba mama yule hakuwa akisahihisha kitu. Alikuwa akiniuliza njia, na hakuwa na namna nyingine ya kumuuliza mtoto.