Mjukuu Wangu Amekifanya Kilio Changu Somo la Udaktari

Nyinyi wajukuu mnaoshinda kwenye ukurasa huu, bibi zenu wamekufa? Nafasi ya kusoma visa vya watu msiowajua mnayo, lakini mlango wa nyumbani mmeusahau. Haya, kaeni, msome na changu.

Nina miaka sabini na kitu, naishi upande wa Kansanga, hapa Kampala. Darasa sijaliona hata kwa dirisha. Mimi nasema, jirani yangu Mkenya ndiye anaandika. Kiswahili nilikipata kambini, maana mume wangu alikuwa askari na mtoto wangu wa pekee akawa askari. Huyo mtoto alikufa kaskazini, miaka ile baada ya vita vya themanini na sita, akaniachia kasichana bado kananyonya. Mama yake akaolewa kwingine. Nimemlea mimi, kwa kuuza mihogo ya kukaanga. Leo anasomea udaktari chuo kikuu. Si wa sindano, wa Kiingereza na mambo ya lugha.

Mwaka jana alikuja na simu. "Jaja," ndivyo anavyoniita bibi yake, "ongea chochote. Nataka kuona Kiingereza kinavyoingia katika maneno yetu."

Nikaongea kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Tangu huyu mjukuu azaliwe, baba yake alipata likizo mara moja tu. Akakaa kwenye bomba la kambi akimfulia nepi, wenzake wakimcheka: "We, umeolewa?" Akawajibu, "Huyu mtoto ndiye afande wangu. Ametoa oda." Akarudi kazini, hatukumwona tena. Nilipofika hapo nililia mpaka sauti ikakatika. Mjukuu wangu akasema, "Usinyamaze, Jaja, inarekodi."

Halafu akapotea. Juzi karudi na keki, meno yote nje. "Jaja, uko ndani ya kitabu changu! Sauti yako nimeisikiliza mpaka naiota!"

"Basi baba yako alikuwa anafua nini?"

Akanitazama kama ng'ombe anayetazama redio. "Alikuwa anafua? Bambi, pole Jaja, sikuwa natafuta habari. Nilitafuta unavyochanganya lugha. Neno nepi nalikumbuka, limetoka Kiingereza. Na oda."

Sasa anataka nikubali sauti hiyo iwekwe chuoni, wanafunzi wengine wawe wanaisikiliza. Nisipokubali, sehemu yangu inatolewa, na kazi yake ya miaka inarudi nyuma. Nikamwambia msiba wangu si ubao wa kuandikia. Akalia: "Unataka nikose digrii kwa sababu ya nepi?" Akaondoka, keki haijakatwa.

Nampenda huyo mtoto kuliko macho yangu. Nikikubali, watu wasionijua wataokota maneno ndani ya machozi yangu kama kuku. Nikikataa, nimemvunja mimi niliyemlea. Nishaurini, wanangu, nifanye nini?

Na wewe, najua unasoma hapa, na umeshajijua. Ukija, simu iache kwako. Keki sitaki. Njoo na sabuni, tukae kwenye bomba, unifulie shuka zangu, nikueleze upya baba yako alivyokuwa anafua. Na usiandike.