Keria ya Baiskeli ya Kijani

"Hii springi inasaidia nani, mutu ya mbele ao mutu ya nyuma?"

Shangazi yangu, dada wa baba, aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa uani kwake Ludara, kando ya baiskeli ya kijani. Kidole chake kilikuwa kinafuata chuma cha keria, kutoka pale abiria anapokalia hadi pale kilipochomelewa. Mimi nilikuwa na shahada ya uhandisi na daftari lenye kurasa arobaini za vipimo. Nikasema, "Wote wawili, shangazi." Akasema, "Sawa, mwanangu," akasimama kwa kushika ukuta, akaenda kuchochea moto.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, mjini Arua, kutoka chuo bila kazi na bila subira. Wazazi walishanichoka. Nilimhoji daktari kuhusu dawa alizoandika, nilimhoji imamu baada ya hotuba, nilimhoji mama kwa nini wageni wa kiume wanawe mikono kwanza. Mama alisema kwamba hata nikifika peponi nitaomba kuona vipimo vya mlango. Kwa hiyo shirika moja dogo lilipotafuta mtu wa kujaribu baiskeli na kuandika ripoti, mama ndiye aliyeniamsha alfajiri niende kuomba.

Baiskeli zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa za milimani, zenye springi mbele na springi nyuma: ya kijivu, nzito, laini kama godoro, na ya kijani, nyepesi, yenye kiwiko kidogo cha kufunga springi wakati wa kupanda mlima. Ya tatu ilikuwa ile nyeusi ya chuma ambayo kila mtu anaijua, ambayo springi zake pekee ziko chini ya kiti. Shirika lilitaka kujua ni ipi wapewe wahudumu wa afya wa vijiji vya Ludara, wale wanaojitolea kupima homa, kugawa dawa na kubeba wagonjwa hadi kituo cha afya.

Shangazi alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyeanza kabla ya wote. Alikuwa amebeba watu nyuma ya baiskeli tangu mimi sijajua kusoma: wajawazito, watoto waliokuwa wanatetemeka kwa homa, mzee aliyevunjika nyonga. Pikipiki zipo, lakini mvua ikinyesha waendeshaji wake hukimbilia Koboko mjini, kwenye lami, na njia ya Ludara hubaki kwa wenye baiskeli na wenye miguu. Njia hiyo ilikuwa imemla mgongo. Daktari wa Arua alimwambia, mbele yangu, kwamba akiendelea kugongwa hivyo atashindwa kuinama. Tulipotoka nje shangazi alisema, "Anataka nikae. Sina mtoto, sina mume. Nikikaa, nitakuwa nani pale kijijini?"

Basi mimi nilitaka springi zishinde. Nilihoji kila kitu katika kazi ile isipokuwa hilo.

Nilianzia Arua. Nilijifunga simu mgongoni kwa leso, kama mama anavyombeba mtoto, kwa sababu ilikuwa na programu ya kupima mtikisiko na nilitaka ipime mgongo hasa. Pale Mvara wanawake waliokuwa wanakwenda kanisani walisimama kunitazama.

"Dada, mtoto yako iko kimya sana!"

"Imekula charji, imeshiba," nikawajibu, na wakaniachia njia kwa kicheko.

Nilipita njia ileile mara nne kwa kila baiskeli: mteremko wa Mvara, makorongo yaliyochimbwa na mvua, kisha kwenda Ombaci. Pale Ombaci, karibu na mahali pa kumbukumbu ya raia waliouawa na wanajeshi zamani, nilikuwa nashuka na kusukuma. Mama alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na ni moja ya mambo machache ambayo sikuwahi kuyauliza. Nikishapita napanda tena, nazima kipimo na kukiwasha upya, ili ule mwendo wa miguu usiharibu hesabu zangu.

Ya kijivu ilikuwa raha kuteremka na adhabu kupanda. Kila nilipokanyaga pedeli ilizama na kuinuka, nguvu yangu ikaishia kwenye springi badala ya gurudumu. Ya kijani ilikuwa ngumu kidogo mwanzoni, lakini kwenye mawe ilitulia. Gurudumu la nyuma lilicheza juu chini na mimi nilibaki pale pale, kana kwamba njia ilikuwa inapita chini ya mtu mwingine. Nyeusi ilinipiga. Kwenye vile vituta vidogo vya barabara kavu meno yaligongana, na usiku nililala kifudifudi. Simu ilikubaliana na mgongo wangu kila siku. Nikachora mistari mitatu kwenye daftari, na mstari wa kijani ukawa chini kabisa, umelala.

Tatizo lilikuwa keria. Baiskeli za springi hazikuja nayo. Waliozitengeneza hawakumfikiria mtu wa pili. Na kwetu baiskeli isiyo na keria ni kitu cha kuchezea. Mnunuzi Koboko hajali gia, humwambia rafiki yake "kaa nyuma", wanazunguka soko mara moja, kisha humuuliza aliyekaa nyuma. Nililijua hilo tangu utotoni. Nililiona ni tabia ya watu wasio na vipimo.

Nikazipeleka kwa mjomba, kaka wa mama, fundi wa baiskeli sokoni Koboko. Alizitazama muda mrefu bila kugusa.

"Hii imevunjika katikati," alisema akionyesha ile ya kijani.

"Haijavunjika, mjomba. Iko na kiungo. Gurudumu inapanda, fremu inabaki."

"Kumbe iko na goti." Akaikandamiza kwa mikono miwili, ikazama, ikarudi. "Na ukipandisha mama wa mimba kilo themanini, goti si itapiga magoti?"

Ikapiga magoti kweli. Mwanzoni alifunga keria kwenye nguzo ya kiti, na tulipoweka gunia la muhogo, sehemu yote ya nyuma ilizama mpaka tairi likasugua keria na kukwama. Tukajaribu ya kijivu, ikawa mbaya zaidi. Mjomba akakaa juu ya boksi lake la vifaa, akahamishia kijiti cha meno upande wa pili wa mdomo, kisha akapata wazo. Kwa baiskeli zote mbili akachomelea keria kwenye ile fremu ndogo ya nyuma inayoshika gurudumu, chini ya springi. Sasa gunia halikuikandamiza springi hata kidogo. Nilipanda ya kijani, nikaenda hadi njia panda na kurudi nikiwa na gunia zima nyuma, na mgongo wangu haukusikia kitu. Simu pia haikusikia.

"Injinia, umeridhika?" mjomba akauliza.

"Nimeridhika."

"Basi andika pale kwa kitabu yako kwamba fundi asiye na cheti ndiye amemaliza kazi."

Nikaandika. Nilikuwa na furaha sana siku ile. Gunia la muhogo halilalamiki, na mimi sikuliuliza.

Shangazi alijaribu ya kijani akiwa peke yake, bila abiria, kutoka Ludara hadi kituo cha afya, nikimfuata kwa nyeusi. Aliendesha kwa tahadhari mwanzoni, amejikunja kama kawaida yake akisubiri kugongwa. Baada ya daraja la magogo akanyooka. Niliona shingo yake ikilegea. Tulipofika alishuka bila kushika ukuta, akasimama katikati ya uwanja wa kituo, akaweka mikono kiunoni, akajigeuza kushoto na kulia kama mtu anayejaribu gauni jipya. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Nikageuka pembeni kujifanya nasoma simu.

Jioni ile ndipo alipochuchumaa kando ya keria na kuniuliza lile swali.

Kesho yake nilirudi Arua kuandika, nikaziacha baiskeli zote tatu kwa shangazi. Mjomba alikuja Ludara siku mbili baadaye kukaza nati za baiskeli zote tatu, kama tulivyopatana, na mimi niliporudi mwisho wa wiki nilikuwa na ripoti iliyopigwa chapa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi ya maoni ya mhudumu wa muda mrefu zaidi, na shirika lilisema wazi kwamba litafuata maoni hayo. Nilimkuta shangazi amelala mkekani mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akasema ni uchovu wa palizi. Nikamsomea yote, namba kwa namba. Kisha nikampa kalamu.

"Andika nyeusi," alisema, akinirudishia kalamu.

Nilidhani anatania. "Shangazi, umeona mwenyewe. Ulishuka bila kushika ukuta!"

"Nimeona."

"Sasa nyeusi ya nini?"

"Nyeusi na godoro ndogo kwa keria. Na tairi ile pana. Andika."

Nikamwambia maneno mabaya. Nikamwambia kwamba anaogopa vitu vipya, kwamba yeye na mjomba ni walewale, kwamba nilipanda milima wiki tatu kwa ajili ya mgongo wake na yeye anautupa kama maganda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mjomba, aliyekuja nami siku hiyo, alikuwa mlangoni, akainamisha kichwa.

"Shemeji, mwambie," mjomba alisema.

"Wewe nyamaza na kijiti yako," shangazi akamjibu. Akaniangalia. "Binti ya kaka yangu, umefanya kazi nzuri. Sasa andika nyeusi."

Nikaandika. Nilikandamiza kalamu kwa hasira, na herufi zikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Baiskeli nyeusi zilikuja kabla ya mvua. Shangazi aliiendesha yake msimu ule wote na sehemu ya msimu uliofuata. Alishona godoro la keria kwa kitambaa cha bluu, akalijaza vipande vya sponji, akalifunga kwa mipira ya tyubu. Nilisikia kutoka kwa watu kwamba wanawake wa mbali zaidi walikuwa wanamuulizia yeye. Sikwenda kumuona. Nilikuwa nimepata kazi Arua, na nilikuwa bado na hasira, na niliipa hasira hiyo majina mengine.

Kisha akashindwa kuinama, kama daktari alivyosema. Baiskeli ilipewa mwanamke mdogo wa kijiji cha pili. Walimhamishia shangazi Koboko, kwenye nyumba ya marehemu babu, na huko ndiko nilikomuona tena, ameketi kwenye kiti cha plastiki chenye mto, anachambua mchele. Nilisema, "Ungechukua ya kijani." Akasema, "Pengine." Akaniuliza kama nimekula.

Nusu ya jibu la swali lake niliipata mwenyewe, na niliipata kwa aibu. Mwaka ule nilipanda nyuma ya baiskeli ya mwenzangu wa kazi, tukapita njia mbovu, na kila jiwe likanipanda kutoka kwenye gurudumu moja kwa moja hadi kwenye meno, wakati yeye mbele, kwenye kiti chenye springi, alikuwa anaimba. Nikakumbuka ile fremu ndogo. Keria iliyochomelewa chini ya springi inapokea kila pigo kabla springi haijafanya kazi. Springi inamlinda aliye juu yake tu. Na fremu ile ni fupi na ngumu kuliko ya nyeusi, na tairi lake si pana kama lile alilotaka shangazi. Kila nilichokuwa nimekipima nilikipima mgongoni mwangu. Jambo hilo lingeonekana kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Shangazi alikuwa ameliona kwa kidole.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia nilikosea, na kwamba sasa najua kwa nini alichagua nyeusi. Alinipapasa goti, akasema mchele wa siku hizi una mawe mengi.

Alifariki nyumbani, mchana, kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Mjomba alikuja mazishini kutoka sokoni akiwa bado na mafuta kwenye kucha. Watu walipoanza kutawanyika alinivuta kando, kwenye kivuli cha ukuta, akaniambia lile ambalo shangazi alimkataza kusema. Siku ile aliyokuja Ludara kukaza nati, shangazi alimwomba aziendeshe baiskeli zote tatu hadi kituo cha afya, moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi, na yeye mwenyewe akae nyuma. Alikaa upande, miguu pamoja, kama wanavyokaa wajawazito, na kifuko cha unga wa muhogo kimefungwa tumboni kwa leso. Kutoka kwenye nyeusi alishuka mwenyewe, lakini waliporudi na ya kijani, mjomba alilazimika kumbeba hadi ndani.