Mchungaji Katika Chumba cha Madaktari

Mke wangu aliponionyesha uvimbe katika titi lake, nyumbani kwetu Mulekera, mjini Beni, ulikuwa mdogo kama haragwe. Miezi minne baadaye, tulipopata majibu katika hospitali ya Butembo, ulikuwa kama yai la kuku. Mara nyingi nimejiuliza ile miezi minne ilikwenda wapi. Sehemu ilipotea kwa aibu yake, sehemu kwa sababu ya barabara, ambayo watu wenye silaha waliifunga na kuifungua walivyotaka. Iliyobaki tulingoja kipande cha nyama kilichopelekwa ng'ambo ya mpaka kuchunguzwa. Karatasi iliporudi ilikuwa na neno moja nililolitafuta katika kamusi ya Kifaransa. Nililisoma mara mbili, nikafunga kamusi.

Tuliitwa Jumanne asubuhi. Nyuma ya meza waliketi watu wanne: daktari wa upasuaji, ambaye ni mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, aliyetumwa kwetu kabla ya vita akashindwa kurudi kwao; daktari wa pili, wa mambo ya dawa; muuguzi mkuu, mama wa makamo; na karibu na dirisha, mchungaji wa hospitali, Biblia magotini.

Sikuwahi kuona mgonjwa akielezwa namna ile. Daktari wa upasuaji alichora titi kwenye karatasi na, muuguzi akitafsiri Kifaransa chake, akaonyesha wapi atakata na kwa nini atafika hadi kwapani. Wa pili alisema ni dawa zipi zingefaa baadaye, na kwamba huenda vita vikazizuia njiani. Nilikuwa nimeandika maswali saba. Waliyajibu yote, na wasipojua walisema hawajui, jambo lililonituliza kuliko majibu yenyewe. Mchungaji alikuwa akinitazama tu.

"Mama, maelezo yetu imekutosha?" muuguzi alimuuliza mke wangu.

"Imetosha. Aksanti mingi."

"Hauna swali hata moja?"

"Hapana, mama. Munafanya kazi muzuri."

Basi upasuaji ukapangwa Alhamisi. Lakini tulipofika barazani mke wangu alianza kufunga mzigo wake.

"Kuko pickup inaenda Beni saa sita," alisema. "Twende. Nitafia kwetu Mutwanga, kule nilizaliwa."

"Nani amesema unakufa? Docteur ameeleza vizuri."

"Docteur ameeleza. Na pasteur alikuwa anafanya nini mule ndani? Pasteur banamuitaka wakati mutu iko anaenda kufa. Bale batatu banabembeleza, yeye anangoja kazi yake."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mchungaji akionekana kando ya kitanda cha hospitali, jamaa huanza kuulizana nani ana mbao za jeneza. Mimi na maswali yangu saba sikuwa nimeliuliza hilo, na sasa hofu ilinishika: labda mke wangu ndiye aliyeelewa kile chumba, si mimi. Nilijua pia kwamba tukipanda gari lile, hakuna aliyeweza kutuambia barabara itafunguliwa tena lini, na uvimbe usingengoja.

Nilirudi nikabisha hodi, nikamwomba mchungaji atoke. Nilimweleza. Hakukasirika, alivuta benchi akaketi mbele ya mke wangu.

"Mama, mimi sikukuja juu yako," alisema. "Nilikuja juu ya huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Kuna bamama balikatwa titi hapa, bakapona, bakarudi nyumbani bakakuta mwanamuke mwingine ku jikoni. Sasa badocteur banataka niangalie bwana kwanza, mbele ya kukata." Kisha akanigeukia. "Papa, nilikuangalia saa yote. Uliuliza juu ya damu, juu ya dawa, juu ya siku. Yeye akibaki na titi moja, utamufanya nini, hilo hukuuliza wala hukusema."

Mke wangu aliacha mzigo, akanitazama.

"Basi sema," aliniambia.

Nimesimamishwa na bunduki mara nyingi kwenye vizuizi vya barabara ile, na kila mara nilipata la kusema. Pale barazani nilianza kufungua fundo la mzigo wake.

"Sitaleta mwingine," nilisema mwishowe.

"Pasteur amesikia. Bale wengine habajasikia."

Tukaingia tena, nikarudia mbele ya wote. Daktari wa Kasai aliuliza nimesema nini. Muuguzi akamtafsiria kwa Kifaransa, naye akaliandika kwenye faili, akinitazama juu ya miwani. Nilijiona kama niliyetia sahihi kitu nisichokijua ukubwa wake.

Ndipo mke wangu akauliza swali lake la kwanza. Alitaka kujua kama, wakishamlaza, ataamka.

"Mara nyingi watu huamka," daktari alijibu kupitia muuguzi.

"Na kama hapana?" mke wangu akasema, akavuta kiti karibu na meza.