Mafuta ya Nguruwe wa Kipaimara

Msimamizi wangu wa ndoa ndiye pia aliyekuwa mama wa ubatizo wa binti yangu. Nilimwita dada, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Alikuwa na duka la pembejeo pale Nyaishozi, na nilipoanza kufuga nguruwe nyuma ya migomba, ni yeye aliyenipimia unga wa madini wa kuchanganya na pumba.

"Usiuonee huruma," aliniambia. "Jaza kikombe."

Kweli walinenepa, hata majirani wakawa wanakuja kuchungulia bandani. Kinyesi chao kilikuwa cheusi kama masizi, na ndani ya unga niliona chembe za buluu. Nilipomuuliza alicheka. "Mdogo wangu, hayo ndiyo madini yenyewe." Nikaridhika. Mtu aliyenifunga shela siku ya harusi ningemshuku vipi?

Binti alipofikia kipaimara tulichinja mkubwa kuliko wote. Mchinjaji alimpasua, kisha akaniita. Mafuta ya mgongoni, ambayo kwa kawaida huwa meupe na magumu, yalikuwa yamelegea, yanateleza vidoleni. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na bado hayakuganda.

"Mama, huyu ulikuwa unamlisha nini?"

"Pumba na madini ya dukani kwa dada."

Akashangaa. "Mbona wa kwake nilimchinja juzi, mafuta magumu kama sabuni ya mche?"

Nilikwenda dukani na damu kwenye kanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Maandalizi yanaendaje?"

Nikamweleza. Alitazama mlangoni kwanza, ndipo akajibu kwa sauti ya chini. "Niliongeza mrututu. Una shaba ndani. Nguruwe anakua haraka, mteja anarudi."

Mrututu, ule ule tunaopulizia kahawa!

"Na mafuta je?"

"Ukizidi, yanalainika. Tuliambiwa kwenye semina ya mifugo."

"Wako unawapa?"

"Wangu ni wa kula nyumbani."

"Na huyu wa kipaimara cha mwanao?"

Akaanza kupanga upya makopo ya dawa ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Sherehe ilifanyika, kwa sababu wageni walikuwa wameshaalikwa. Nyama iliiva ikiogelea kwenye mafuta yake, watu wakala na kushukuru. Yeye alikuja na zawadi, akakaa meza ya mbele karibu na binti. Nilipopita na maji ya kunawa nikaona sahani yake: ndizi na maharage tu. Hapo ndipo iliponiuma hasa, kuliko hata dukani.

Waliobaki bandani niliwaachisha ule unga. Wakakua polepole kwa pumba na majani ya viazi, na mchinjaji alipokuja kuwachukua alisema mafuta yameshika vizuri.

Binti sikumwambia. Krismasi iliyofuata aliomba kwenda kumsalimia mama yake wa ubatizo. Nikamruhusu, nikamfungia mkungu wa ndizi ampelekee, kisha nikarudi jikoni na kulia.