Mabasi Kumi na Moja Kwenye Mazishi ya Tyrel

Marlys Ketterman aliendesha basi la shule miaka thelathini na minane katika mji wetu mdogo wa Nebraska. Hapa hakuna mtu wa chini ya miaka arobaini ambaye hajawahi kuambiwa naye akae chini. Mimi niliendesha basi la nyuma ya lake, kwa hiyo namjua vizuri.

Kijana Tyrel Brandvold alipouawa vitani, Marlys alilia siku nzima, maana alimbeba tangu darasa la kwanza. Mama wa marehemu, Joleen, hata jeneza hajachagua, tukasikia kwamba kikundi kimoja cha dini kutoka jimbo jingine kinakuja mazishini na mabango. Kazi yao ni hiyo: kusimama mbele ya wafiwa na kuwaambia Mungu amefurahi mtoto wao kufa, kwa kuwa nchi imejaa dhambi.

Tukakutana kanisani. Mkuu wa polisi akaeleza kwamba sheria inawaruhusu kusimama ng'ambo ya barabara, na atakayerusha ngumi atalala ndani. Randy, muuza mbolea, akasema yeye yuko tayari kulala ndani.

"Randy, kaa chini," Marlys akamwambia. "Ukimpiga mmoja, umewapa walichokifuata. Sheria imewaruhusu kusimama. Haijasema Joleen lazima awaone."

Siku ya mazishi shule ilifungwa. Mkuu wa shule alipoombwa mabasi, alisema yeye anachojua yanakwenda kuoshwa, na hataki kusikia zaidi.

Tukayapanga yote kumi na moja kando ya barabara, pua kwa mkia, kuanzia kanisani hadi lango la makaburi. Wale watu wanane walipofika, wakajikuta kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, wanatazamana na bati la njano. Wakaanza kuimba, Marlys akapunga mkono, tukawasha injini. Wakasogea kushoto, basi la mwisho nalo likasogea. Randy alicheka mpaka akavua kofia kujifutia machozi.

Baadaye mwanamke mmoja wao, msichana tu, akazunguka basi la Marlys huku midomo imemkauka kwa baridi. Aliuliza kwa aibu kama kuna choo karibu.

"Kipo kanisani, chini, mlango wa pili," Marlys akasema. "Lakini bango haliingii, mwanangu. Niachie nikushikie."

Akalishika, maandishi yakiwa yameelekea chini. Msichana aliporudi alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, kazi ya akina mama wa jikoni. Alichukua bango lake bila kumtazama mtu usoni, akarudi shambani.

Joleen alipita nyuma ya jeneza bila kuona neno hata moja. Wakati wa kula, akamwuliza Marlys yale mabasi yalikuwa ya nini.

"Ya Tyrel," Marlys akajibu. "Tulitaka kumsindikiza."

Kisha Marlys akaanza kusimulia siku Tyrel alipopanda basi na mtoto wa nguruwe ndani ya koti, akaapa mbele ya wenzake kwamba tumbo ndilo linalomlia. Joleen hakuwahi kukisikia kisa hicho. Akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile, akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo.